Kiambaza cha Eda

Walichora alama nyekundu kwenye kiambaza cha marehemu mama yake, na hodi hawakupiga.

Asubuhi hiyo Waridi binti Nuhu alikuwa ufukweni mwa Baraka, akipokea samaki walioletwa na boti yake kutoka Kazimia. Aliporudi nyumbani, vidole bado vikinuka mikebuka, alikuta mlango mkubwa umeachwa wazi kama mlango wa soko. Ndani ya ukumbi walisimama wanaume wawili, na viatu vyao vilikuwa juu ya mkeka wake wa kuswalia. Mmoja alikuwa Casimir, shefu wa mtaa. Mwingine alikuwa kijana mwenye miwani na shati jeupe lililopigwa pasi, kopo la rangi mkononi. Kwenye ukuta wa udongo uliokata mwisho wa ukumbi palikuwa na msalaba mwekundu, mkubwa kama mtoto aliyenyoosha mikono.

“Karibu, Mama Furaha,” Casimir akamwambia, akimkaribisha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

“Nimekaribia, Shefu. Na nyinyi, nani aliwakaribisha?”

“Aa, Mama naye! Sisi ni bantu ba hapa hapa.”

Kijana mwenye miwani aliinamisha macho, akauona mkeka, akaruka pembeni kama aliyekanyaga kaa la moto. Huyo alikuwa Lionel, mchoraji wa majengo kutoka Bukavu. Alikuwa amesomea Ufaransa kazi ya kutunza majengo ya kale, na sasa alitumwa na mradi uliotaka nyumba kongwe za ukingo wa ziwa zilindwe kwa sheria. Waridi alimfahamu. Miezi michache nyuma, alipokuja kupima kuta, alimpikia chai ya tangawizi na kumwonyesha hadi boriti za dari. Alikuwa amefurahi kweli. Mtaa mzima watu walikuwa wakibomoa nyumba za babu zao na kupandisha maduka ya saruji, na yeye kila mwaka aliambiwa na wafanyabiashara kwamba kiwanja chake ni kizuri sana, isipokuwa ile takataka ya udongo iliyokaa juu yake. Kusikia kwamba sheria itasimama mlangoni pake kulimpa usingizi mtamu.

“Mama, habari iko muzuri,” Lionel akasema. “Nyumba imekubaliwa. Itakuwa classée. Hakuna muntu atakayeibomoa tena.”

“Na huu musalaba?”

“Huu ukuta haukukuwa pa plan ya zamani. Nimechunguza. Uliongezwa nyuma, udongo wake si sawa na ule wa nyumba. Tutautosha, tuuvunje, ukumbi urudie urefu wake. État d'origine, Mama, vile waliojenga waliuacha. Ukumbi utapumua.”

“Utapumua,” Waridi akarudia. Alijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto wake amepatiwa dawa, kisha akaonyeshwa shoka.

“Ni kazi ya asubuhi moja tu, Alhamisi,” Casimir akadakia. “Fadhili atakuya na nyundo, fundi wetu, unamujua. Bakubwa ba mradi batakuya na kibao, tutapiga picha. Na we ujipambe kidogo, Mama Furaha, siyo kutuvalia hiyo kanga ya samaki!”

Waridi hakucheka. Aliokota mkeka wake, akaukung'uta mlangoni, akaukung'uta tena, mpaka wakaelewa kwamba wametolewa.

Nyumba ile ilijengwa na babu wa babu yake, mmoja wa watu waliofika ziwani enzi za misafara na hawakurudi walikotoka. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba paka alilala kwenye kizingiti cha dirisha na kujinyoosha atakavyo. Ukumbi ulikuwa mmoja, mrefu, kutoka baraza ya mbele mpaka mlango mdogo wa uani, maana wanaume waliojenga walifikiria wageni, shehena na mashauri. Mahali pa mwanamke kulilia hawakupafikiria.

Kwa hiyo Nuhu, baba yake Waridi, alipofariki mwaka wa tisini na nane, wanawake wa mtaa ndio waliorekebisha kasoro hiyo. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi: hatoki, hajipambi, na mwanamume wa kando hamwoni. Salma, mjane wa Nuhu, hakuwa na chumba chenye mlango wake wa kutokea uani. Wanawake wakakata fito, wakazifunga, wakakanyaga udongo kwa miguu yao, na kabla ya magharibi walikuwa wameukata mwisho wa ukumbi kwa kiambaza. Wakaacha nafasi ya kupita, wakaning'iniza pazia. Waridi alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Alikanyaga udongo pamoja nao akilia, na machozi yake yakaanguka humo humo. Hakuna aliyemwambia afute.

Tangu hapo, maisha yake yote yalipita karibu na ukuta ule. Alipoolewa na Lukmani, alivalishwa nyuma ya pazia lile. Binti yake Furaha alizaliwa humo. Lukmani alipochukuliwa na homa, humo naye alikaa eda yake, siku nzima akitazama alama za vidole vya mama yake zilizokaukia kwenye udongo, tano tano, kama makundi ya ndege. Alipotoka, alichukua boti ya marehemu, akajifunza bei za Kazimia na matusi ya mabaharia, akamsomesha mtoto hadi akawa mwalimu huko Nundu. Watu walimjua kwa mambo mawili: kwenye mizani hapunjwi, na habari za nyumba yake hazitoki nje.

Na kulikuwa na habari moja hasa ambayo haikutoka nje. Hiyo ndiyo iliyomrudia tangu alipoiona rangi nyekundu.

Nuhu alikuwa na rafiki wa milimani, kule Haut Plateau. Aliitwa Ntagwabira, mfugaji, Mprotestanti asiyekosa ibada. Kwa miaka mingi walikuwa wakiuziana siagi na samaki na kutaniana kila mmoja juu ya dini ya mwenzake. Nuhu alipokufa, Ntagwabira alikuwa mgonjwa, akamtuma mkewe Mukashema ashuke kutoa pole. Mukashema alishuka na watoto wawili, Uwamwiza aliyekuwa anaanza kukimbia, na Irakiza wa mgongoni. Akaingia nyuma ya pazia, akalia na Salma. Akiwa bado humo, akiwa bado analia msiba wa watu wengine, vita vikaanza. Njia ya milimani ikafungwa, na vijana wenye bunduki wakaanza kupita nyumba kwa nyumba, wakitafuta watu wanaozungumza kama yeye.

Salma hakuitisha kikao. “Utalala humu na mimi,” alisema. “Eda ni eda.”

Walikuja mchana. Waridi alikuwa barazani akichambua ndagala. Walikuwa vijana wa pale pale Baraka, waliomjua kwa jina, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Mmoja wao akapita ukumbini na bunduki yake mpaka mbele ya pazia.

“Mama Salma, tunatafuta bantu ba yulu, ba milimani. Wanasema iko mumoja aliingia humu.”

“Mi niko eda, mwanangu,” sauti ya Salma ikatoka nyuma ya pazia, bila haraka. “Kama dini imekwisha huko inje, ingia.”

Kabla kijana hajajibu, mtoto akakohoa. Kikohozi kidogo, cha mara moja. Nyumba ile haikuwa na mtoto mchanga, na mtaa mzima ulilijua hilo. Salma akakohoa naye, kwa nguvu, kikohozi cha mwanamke mzima, lakini kile cha kwanza kilikuwa kimeshatoka na hakirudi tena.

Kijana akasimama pale. Halafu akainamisha mdomo wa bunduki chini.

“Pole, Mama. Mungu amurehemu Baba Nuhu.”

Akarudi kinyumenyume mpaka barazani, akawaambia wenzake: “Iko mujane tu humu. Twende.”

Kijana yule alikuwa Fadhili, ambaye baada ya vita aliacha bunduki akashika mwiko wa uashi. Kama alikisikia kikohozi kile au hakukisikia, Waridi hakuwahi kujua. Wakikutana njiani walisalimiana na kupishana.

Miezi minne na siku kumi ikaisha, na Salma hakutoka. Kutoka kungekuwa kufungua pazia. Akaendelea kukaa. Na wanawake wa mtaa ule, ambao wangeweza kukutajia eda za shangazi zao tangu zamani, nani alianza mwezi gani na akatoka siku gani, mwaka ule wote walipoteza hesabu. “Mawingu mengi mwaka huu,” bibi mmoja akasema kisimani, kwa sauti ya kusikika. “Mwezi hauonekani muzuri.” Wenzake wakaitikia kwamba kweli, mwezi umewasumbua sana. Na sufuria walizomletea mjane zilizidi kuwa kubwa: mjane mmoja, aliyekonda, na bugali ya watu wanne. Hakuna aliyeuliza. Walileta mpaka Salma alipopata mtu wa kuwavusha wageni wake ng'ambo ya ziwa, wote watatu, wazima.

“Usimwambie mutu,” Salma alimwambia binti yake. Aibu haikuwemo. Alijua tu kwamba vita vya nchi hii haviishi, hupumzika, na vikiamka huuliza nani alimficha nani. Akafa na siri yake, na wale wanawake mmoja mmoja wakafa na siri yao. Kilichobaki ni udongo. Na sasa mtu aliyetumwa kulinda urithi alikuwa ameutia msalaba, kwa sababu haukuwa wa zamani za kutosha.

Kesho yake Waridi alimfuata Lionel kwenye nyumba ya wageni. Alimkuta anakula mandazi kwenye meza ya uani. Kijana akainuka, akampa kiti chake, akafuta meza kwa mkono. Alikuwa na adabu, na adabu yake ilizidi kumkasirisha Waridi, maana ni vigumu kumpigia kelele mtu aliyekupa kiti.

“Monsieur Lionel, nimekuya kukuomba. Uache ule ukuta.”

“Mama, unielewe. Nikiacha kila kitu bantu baliongeza, nitaacha na mabati, nitaacha na choo. Dossier inasema nyumba ya karne ya kumi na tisa. Ule ukuta ni wa juzi.”

“Kule ulisomea, bafanyaka hivyo?”

Hapo uso wa Lionel ukachangamka. Akatoa simu, akaanza kumwonyesha picha za mkoa wa Picardie, kaskazini mwa Ufaransa, alikofanyia mazoezi ya kazi. Maghala yenye mapaa marefu, daraja, ukuta wa mji. Kila kimoja kina kibao chake, alieleza, na mwenye nyumba hawezi hata kubadilisha rangi ya dirisha bila ruhusa. Kisha kanisa dogo la kijijini, la mawe meupe. Waridi akaweka kidole kwenye kioo.

“Na hapa? Hapa si mawe.”

Upande mmoja wa kanisa ulikuwa na matofali mekundu, mengine yamekaa kombo, kama jino la kubandika.

“Ah, hapa ni nyuma ya vita yao ile ya kwanza. Bomu lilitoboa ukuta, wanakijiji wakaziba na matofali waliyoyapata. Waliyaacha hivyo hivyo. Hata ruhusa ya kuyagusa hakuna. Ni témoin, Mama, ni shahidi…”

Akainua macho kutoka kwenye simu.

“Endelea, ndugu yangu,” Waridi akasema. “Ni shahidi.”

“Ile ni tofauti, Mama. Ile iko na historia inajulikana.”

“Aa. Vita yao iko historia. Yetu iko uchafu pa ukuta, inataka nyundo.”

Lionel akaweka simu chini. Hakuwa mpumbavu. “Sikujua iko vita pa ule ukuta,” akasema taratibu. “Basi niambie. Niambie kitu gani ilitokea, niandike, nikapigane nao.”

Waridi akafungua kinywa. Pale uani, meza ya pili, wanaume watatu walikuwa wakinywa chai na kunyamaza kwa namna ya watu wanaosikiliza. Akamkumbuka Furaha mbele ya darasa lake huko Nundu. Akakumbuka jinsi neno moja linavyoweza kubandikwa kwa mtu na kumfuata mpaka kaburini. Akafunga kinywa.

“Si yangu peke yangu,” akasema, akainuka. Njia nzima alitembea akiwa na hasira na Lionel, na Casimir, na wanakijiji wa Picardie walioruhusiwa kuwa na kovu lao hadharani, lakini zaidi na ulimi wake mwenyewe.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda pembezoni mwa mji, kwenye vibanda vya maturubai walikokaa watu wa milimani walioshuka miezi ya karibuni baada ya vijiji vyao kuchomwa. Huko aliishi Mukashema, aliyekuwa amevuka ziwa na kurudi milimani kwa mumewe vita vilipotulia, mzee sasa, mgongo umepinda. Watoto wake walikuwa wamekwenda mbali. Mumewe Ntagwabira alikuwa amefia njiani, wakikimbia. Walimzika kando ya barabara, na waliokuwa nyuma yao hawakuwapa nafasi hata ya kumaliza wimbo.

Waridi alimweleza yote. Mukashema alisikiliza huku akichagua maharage.

“Usiseme, mwanangu,” akajibu mwishowe. “Ule ni udongo. We uko na mutoto. Salma hakunificha ili leo wewe uteswe juu ya udongo.”

“Si udongo, Mama Uwamwiza.”

“Najua si udongo.” Mikono yake ikatulia kwenye maharage. “Zile alama za vidole bado ziko?”

“Ziko.”

“Kule chini, pembeni ya pazia, iko mukono mudogo. Ni wa Uwamwiza. Udongo ulipasuka, tukauziba usiku na Salma, mutoto akalia anataka kusaidia. Salma akamushika mukono, akaubandika.” Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. “Nenda. Usiseme kitu.”

Alhamisi viti vya plastiki vilipangwa barazani. Kibao cha chuma, kilicholetwa mapema na Lionel, kiliegemezwa ukutani kimefunikwa kitambaa. Watu walijaa, maana pameonekana kamera. Waridi alivaa kanga yake ya samaki.

“We Mama Furaha we!” Casimir akalalamika. “Si nilikuambia?”

“Uliniambia, Shefu. Nilisikia.”

Wakubwa wa mradi walichelewa. Casimir akasema Fadhili aanze tu, vumbi litue kabla hawajafika. Fadhili akaingia ukumbini, mtu mzima wa mvi za kwanza, nyundo begani. Hakumtazama Waridi. Alisimama mbele ya msalaba mwekundu kitambo, mpaka Casimir akamuuliza kama anangoja ukuta uanguke wenyewe. Akapiga. Bonge la udongo likaanguka karibu na kona ya juu, fito zikatokeza kama mbavu.

“Simama!” Waridi akapiga kelele.

Lakini si sauti yake iliyomsimamisha. Nyuma ya pazia, ndani ya chumba ambacho wote walijua ni kitupu, mtu alizungumza.

“Mi niko eda, mwanangu.”

Nyundo ya Fadhili ikabaki hewani. Yalikuwa maneno yale yale, kwa lafudhi ya milimani. Mukashema alikuwa ameingia kwa mlango mdogo wa uani, watu wote wakiwa mbele wakitazama kamera.

“Nani huyo?” Casimir akauliza. “Humo hakuna mujane!” Akanyoosha mkono avute pazia. Fadhili akaushusha mpini wa nyundo kati yake na pazia.

“Shefu. Amesema iko eda.”

“Eda ya nani? Husikii hiyo sauti? Huyo ni mutu wa yulu! Baprotesta bakaaka eda lini?”

“Bwana wangu ni Ntagwabira,” Mukashema akasema kutoka ndani. “Nilimuzika pembeni ya barabara nikaamuka kukimbia. Sijakaa naye hata asubuhi moja. Kulia nilifundishwa humu, na Salma, nilipokuya kulilia bwana yake. Sasa nimekuya kulilia wangu. Mukivunja, vunjeni. Mi niko nyuma ya ukuta.”

Minong'ono ikaanza barazani, na Waridi akaisikia ikipanda, akajua inakokwenda. Akapanda juu ya kiti cha plastiki, kimoja cha vile vya wakubwa.

“Ndiyo!” akasema. “Ni yeye mulimutafutaka. Alikuwa humu, mwaka ule, na batoto bawili. Mama yangu alibaficha. Eda yake ilikwisha akakataa kutoka, na mama zenu balijua. Mama yako wewe, Casimir! Alileta bugali ya bantu bane kwa mujane mumoja, kila Ijumaa, na hakusema neno. Ule ndio urithi. Si boriti. Si karne. Muko na nyumba moja hapa Baraka ambamo bunduki ilifika pa pazia ikasema pole, na munataka kutosha ukuta wake ili ukumbi upumue!”

“Basaliti!” mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

“Kuya unitukane hapa mbele, nikuone,” Waridi akajibu. “Mama yangu huyo huyo unayemutukana ndiye alimuosha bibi yako alipokufa.”

Hakuna aliyekuja mbele. Lakini hakuna aliyepiga makofi pia, na baadhi waliondoka wakitema mate. Waridi aliwaona, akawajua kwa majina, akajua kwamba kuanzia kesho baadhi yao hawatanunua samaki wake. Hasira ndiyo iliyomshikilia juu ya kiti.

Fadhili aliiweka nyundo chini, polepole, kama kitu kinachoweza kuamka.

“Ule mutoto alikohoa,” akasema. Hakumwambia mtu fulani. “Nilisikia.” Akageukia pazia, akainamisha kichwa. “Pole, Mama. Mungu amurehemu Baba Uwamwiza.”

“Asante, mwanangu,” pazia likajibu.

Magari ya wakubwa yalipofika, Lionel alikuwa amepiga magoti pembeni ya pazia, viatu amevivua, akitazama alama ya mkono mdogo. Alitoka, akawaeleza barazani kwa Kifaransa, kwa muda mrefu, akirudia neno lile la témoin. Wakubwa walisikiliza wakitazama saa. Mmoja wao, mwanamume wa tai, akasema kwamba mradi ni wa utamaduni, hauingii katika mambo ya migogoro. Nyumba yenye utata italeta shida. Ziko nyumba nyingine. Wakapiga picha ya mlango, kwa kuwa mlango ni mzuri. Wakaondoka. Hawakuingia ndani hata kumpa pole mfiwa.

“Nitaandika tena, Mama,” Lionel akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. “Nitaandika vile inapaswa.”

“Andika, ndugu yangu. Lakini leo nyumba yangu iko na tundu, na sheria imepanda gari.”

Kibao walikisahau. Waridi alichimba udongo uani, akaumwagia maji, akaukanyaga kwa miguu, na jua lilipozidi kuwa kali akakichukua kibao kile, akaufunika nacho udongo wake usikauke. Fadhili aliomba kusaidia kuziba. Akamwambia hapana, kazi hii ni ya wanawake. Akate fito mpya na kuziacha mlangoni. Akaenda kuzikata.

Alikanyaga peke yake kwa muda. Mtaa ulikuwa kimya, kimya cha watu waliosimama nyuma ya madirisha yao wakiamua. Waridi hakuita mtu. Alifikiria wafanyabiashara watakaorudi kumsifia kiwanja, alifikiria Furaha, alifikiria mwanamume wa tai aliyetazama saa, na kila wazo alilikanyaga ndani ya udongo.

Kisha lango la uani likasukumwa. Akaingia jirani yake, mjukuu wa yule bibi wa kisimani, mwanamke mnene asiyeongea naye tangu wagombane juu ya mfereji wa maji machafu. Kichwani alibeba sufuria, na ilikuwa kubwa. Ilibidi ainame kupita mlangoni.

“Hii ni ya mujane,” akasema kwa ukali, kama mtu anayelipiza kisasi. Akaitua karibu na pazia. Akapandisha kanga yake magotini, akaingia kwenye udongo, akaanza kukanyaga. Baada ya muda akainua uso, akalitazama anga la saa tisa, jeupe, lisilo na kitu.

“Mi naona,” akasema, “mwaka huu mawingu yatakuwa mengi.”